Mama Kipimo, Mtu wa Jana

Kijijini kwetu, ukimuuliza mtu kama kesho itanyesha, hatazami juu. Anatazama njiani. Atakuambia, "Ngoja kwanza Mama Kipimo apite." Akipita anatembea vizuri, watu wanaanika udaga wao wa mihogo juu ya mwamba bila wasiwasi. Akipita anachechemea, ndani ya dakika tano kijiji kizima kinaanua, kuanzia kwenye lami ya Bunda mpaka vilima vya upande wa Butiama. Wanaanua udaga, wanaanua dagaa, wanaanua mashuka, na mwaka mmoja nasikia walimwanua mpaka bibi mmoja aliyekuwa amekaa anaota jua.

Hilo la bibi sikuliona kwa macho yangu. Mengine yote niliyaona, na kama kuna mahali nimezidisha kidogo, nimezidisha kwa nia njema.

Kuchechemea huko kulitoka kwenye goti, na mwenyewe alilichukia. Kazi yake haikuwa kutabiri, ilikuwa kupima. Nyuma ya nyumba yake, mahali pasipo na mti wala ukuta wa karibu, alikuwa na kipima mvua: silinda ya bati nene, mdomo kama faneli, na ndani yake chupa ya kupokelea maji. Aliachiwa na bwana shamba mmoja wa zamani, siku ghala la chama cha pamba lilipofungwa na yeye, karani wa ghala, akabaki hana kazi. Bwana shamba alimwambia: kila siku saa tatu asubuhi mimina maji kwenye glasi hii yenye mistari, soma, andika, mimi nitakuwa napita kuchukua karatasi. Akawasha pikipiki yake akaondoka. Mpaka leo hajapita.

Fomu alizoachiwa zilikwisha. Akahamia kwenye madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mstari mmoja, siku moja. Siku kavu aliandika sifuri, na aliiandika kwa heshima, ikiwa ya mviringo na imefungwa vizuri, kana kwamba sifuri ile ingetumwa ikulu. Niliwahi kumwambia anaharibu wino, kiangazi kizima sifuri tupu.

"Sifuri nayo ni namba, mura," akaniambia, maana kwake nilikuwa kijana tu. "Ukiiruka, atakayekuja atasema siku hiyo haikuwepo."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lake duniani. Wengine wana ng'ombe, wengine wana mtoto aliyefaulu. Yeye alikuwa na sanduku la madaftari ambamo hakuna mstari uliowahi kubaki mtupu, na ili usibaki mtupu alikuwa tayari kugombana na yeyote.

Aligombana na kanisa, kwa mfano. Ibada yetu ilianza saa mbili, maana yake saa tatu ilimkuta mchungaji katikati ya moto wa jehanamu. Mama Kipimo alikuwa anasimama, anashika gauni lake, anapita katikati ya mabenchi, anatoka. Wenyeji tulishazoea. Akaja mchungaji mgeni, kijana mwenye sauti inayofika Musoma bila nauli, akamwona anatoka akanyoosha kidole. "Mnaona? Neno likikolea, Shetani anaanza kuita watu wake!" Baada ya robo saa Mama akarudi, viatu vina tope, akasimama mlangoni.

"Milimita nane, mchungaji," akasema. "Endelea na Shetani."

Tangu hapo sadaka ilikusanywa saa tatu kamili.

Aligombana hata na huzuni. Asubuhi ya kumzika mumewe, wanawake wamejaa uwanjani, vilio vimepamba moto, yeye akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Wakasema mwacheni, anataka kulia peke yake. Mimi nilikuwa kule nyuma na wachimba kaburi, tunasubiri jembe. Nikamwona anainua glasi mpaka usawa wa macho, anasoma, anamwaga, anaandika. Akaniona. "Kumi na moja," akanong'ona. "Angefurahi. Mtama wake ulikuwa umeanza kujikunja." Kisha akarudi kwenye mkeka wake akalia kama watu wote.

Mimi ni mfyatua matofali. Tofali bichi na mvua ni kama panya na paka, kwa hiyo mtu mmoja niliyemhitaji kuliko wote duniani, baada ya mke wangu, alikuwa yeye. Nyumba yangu ni ya kwanza ukianza kupanda kitongoji cha juu, yake ni ya mwisho ya kitongoji cha chini, katikati kuna kijito ambacho hata kuku mzembe anakiruka. Kila asubuhi nilisimama kwenye ukingo wangu.

"Shikamoo Mama. Leo nifyatue, nisifyatue?"

"Marahaba. Jana ilinyesha mbili nukta nne."

"Nauliza leo, Mama."

"Leo nitakuambia kesho. Mimi ni mtu wa jana."

Huyo ndiye tuliyekuwa naye. Watu walimwendea na kesho yao mkononi, yeye akawarudisha na jana. Walikuja wazee wa upande wa bwana harusi, na soda wamebeba, wanataka kujua Jumamosi fulani ya mwezi wa kumi na moja itakuwaje. Hakukataa soda. Akafungua sanduku, akatoa madaftari, akaanza kuwasomea tarehe hiyo mwaka mmoja baada ya mwingine, tangu ghala lilipofungwa. Ilimchukua muda ambao, kwa makadirio yangu, bibi harusi angeweza kuzaa mara mbili. Mwishoni akasema, "Tarehe hii imeshanyesha zaidi ya ilivyokauka. Wiki inayofuata imekauka zaidi." Wakashukuru, wakasogeza harusi wiki moja mbele. Wiki ile ya kwanza jua liliwaka mpaka mijusi wakatafuta viatu. Siku ya harusi ikashuka mvua ya mawe, turubai likapaa, wali ukaelea, na mshenga alionekana mara ya mwisho akielekea ziwani.

Wazee wakarudi na mdomo. "Mama, umetuaibisha!"

"Niliwasomea nini?"

"Ulitusomea imekauka!"

"Nikasema itakauka?"

Mmoja akasema, "Sasa faida ya hayo madaftari ni nini?"

"Faida yake ni kwamba leo nimeandika thelathini na nne," akasema Mama Kipimo, "na mjukuu wenu akija kuniuliza habari za harusi ya wazazi wake, mimi sitamdanganya kama mtakavyomdanganya nyie."

Utabiri wa kwenye simu haukumsumbua. Kijana mmoja alikuja kumwonyesha, kioo kinang'aa, kawingu kadogo kanadondosha matone, kameandikwa Musoma. Mama akavaa miwani. "Musoma ipi? Bweri na Nyasho zenyewe, mitaa ya mji uleule, hazilowi pamoja. Barabarani hapo nimeona mvua inanyeshea ng'ombe upande wa kichwa, mkia mkavu." Huyo ng'ombe, nawaapia, si wa kwangu. Ni wa kwake. Hata yeye alikuwaga anazidisha, ila si kwa namba.

Na sasa goti. Lilikuwa la kushoto, na kweli lilimuuma kabla ya mvua. Kijiji kiligundua kabla yake. Alipogundua kwamba tunamwangalia, alikasirika kama mtu aliyekutwa anaongea peke yake. Alijilazimisha kutembea wima, ameuma meno, ili asitupe taarifa isiyo rasmi. Ukimwambia, "Mama, goti linasemaje?" anakujibu, "Goti langu halijasajiliwa."

Siku moja ya kiangazi alikanyaga mwiba. Mwiba wa kawaida, mguu wa kushoto. Akapita njiani anachechemea, na kwa kuwa uliuma, alichechemea kuliko siku zote. Mtu wa kwanza aliyemwona akapiga yowe, "Anakokota! Leo anakokota kabisa!" Mimi nilikuwa na matofali elfu nne uwanjani. Nilikata migomba ya jirani, nikakata na yangu, nikavua mapazia ya mke wangu, nikafunika yote. Kina mama waliingiza udaga mbichi ndani ukachacha mara ya pili. Waliokuwa wanachimba dhahabu Buhemba wakapigiwa simu watoke shimoni. Hakuna hata wingu moja lililopita. Tulikaa ndani tumefunga madirisha, jua linapiga bati, tunachemka kama viazi, kila mmoja akisema inakuja, mnajua goti halidanganyi. Jioni mwenyekiti wa kijiji akatumwa kuuliza. Akamkuta Mama ameketi kwenye kigoda, sindano mkononi, anachokoa unyayo.

"Mama, mvua imekwama wapi?"

Akamwonyesha mwiba. Mwenyekiti alirudi kwetu, akasema, "Anuksheni." Neno hilo halipo, lakini sote tulielewa, tukaanza kuanika upya.

Kinachochekesha ni kwamba yeye, mwenye goti na madaftari yote hayo, hakuwahi kununua mwavuli. Nguo zake zililowa kwenye kamba mara nyingi kuliko za mtu yeyote kijijini. Radi ikipiga aliingia chini ya meza ya jikoni akakaa huko na sufuria kichwani. Nikamuuliza, Mama, miaka yote hii hujazoea? "Mimi namjua mvua akishafika chini," akasema. "Akiwa huko juu simjui."

Kuna kesi moja lazima niiseme, ingawa inanigusa. Kitongoji cha juu tulianza kulalamika kwamba mvua inanyesha chini tu. Mtu mmoja akaangalia akasema, sababu iko wazi: kipimo kiko chini. Mvua inafuata chombo chake, kama ng'ombe anavyofuata chumvi. Tukaenda mkutanoni kudai kipimo kihamie juu angalau msimu mmoja, kwa haki. Mwenyekiti, mtu wa kura, akaona hoja ina uzito.

Mama Kipimo akasimama. "Kikihama, namba za huku zinakatika. Nimezilea tangu zikiwa fomu. Anayetaka kukihamisha anichimbe na mimi."

Hakuna aliyetaka kumchimba. Tukaafikiana kitongoji cha juu kitengeneze chake, na yeye akatufundisha: kopo la rangi, rula ya mwanafunzi, saa tatu asubuhi. Msomaji akachaguliwa mtu aliyesoma. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na minne, masomo ya jioni pale Nyasho, darasa ambalo mwalimu alikuwa mdogo kuliko sisi wote na alituamkia. Basi nikachaguliwa.

Sasa ndugu zangu, mnajua mtu anapoulizwa mbele ya majirani zake, "Sisi tumepata ngapi?" na ameshasikia wa chini wamepata sita? Nilisema kumi. Kesho yake wa chini tisa, sisi kumi na nane. Watu wakaanza kunisalimia kwa mikono miwili. Baada ya wiki tatu Mama akavuka kijito, akaomba daftari langu, akajumlisha kwa kidole huku midomo inacheza.

"Kwa namba hizi," akasema, "nyie wa juu mlishakufa maji tangu Jumanne. Ninaongea na mizimu."

Alinirudishia daftari, akavuka kijito kurudi kwake. Kopo likarudi kuwa la kunyweshea kuku.

Miaka ikapita na macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho. Alisoma glasi kwa kuisogeza mpaka inagusa kope. Binti yake, anayeishi Bweri, alikuja mara tatu kumbembeleza akapasuliwe mjini Musoma, na mara tatu Mama alimuuliza, "Nikilala huko, saa tatu atasoma nani?" Katika miaka yote ile hakuwahi kulala hata usiku mmoja nje ya nyumba yake. Harusi ya binti huyo huyo alihudhuria kati ya saa tatu na saa tatu. Mara ya nne binti alikuja akilia. Akasema, "Mama, ukipofuka utazisoma kwa nini? Kwa ulimi?"

Hapo ndipo Mama Kipimo alipovuka kijito, mchana kweupe, na daftari kwapani. Nilikuwa kwenye tope mpaka magotini.

"Mura. Siku kumi."

"Mimi, Mama? Baada ya lile kopo?"

"Wewe ndiye unayejua kusoma glasi. Usiongeze. Usipunguze. Usikadirie. Sijapata mwingine, ningempata nisingekuja."

Siku nne za kwanza niliandika sifuri, na nilizifunga vizuri mviringo. Nililala mapema, niliamka mapema, mke wangu akanipima joto. Kisha vuli ikaingia. Mvua ya kwanza ya msimu, ile ambayo watu wote wanaisubiri ndipo waingize jembe, na ilinyesha kama aliye juu amekosea akamimina ziwa zima. Asubuhi nikavuka kwenda kusoma, na nikakuta uzio umelala, silinda imelala, chupa imepasuka, na mbuzi wangu amesimama juu yake anatafuna kamba aliyokuwa amefungiwa. Ndani hakukuwa na tone.

Nilikaa chini palepale kwenye tope.

Habari ilifika kila nyumba kabla sijainuka. Wakaja na ushahidi wao. Huyu na sufuria iliyosahaulika nje, huyu na ndoo, huyu na gamubuti moja lililojaa mpaka juu. Mwenyekiti akatazama vyote, akakohoa. "Andika hamsini. Ni namba nzuri, haina ubishi."

"Sikuambiwa nikadirie."

"Sasa utaacha wazi? Yule mama atakufa! Hana pengo tangu ghala lifungwe. Andika hamsini, mwanangu, umwokoe. Wewe kuongeza unajuaga, leo unakuwa mtakatifu?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaingia ndani na daftari. Nilishika kalamu juu ya ule mstari mpaka chai ikapoa. Hamsini ingemfurahisha kila mtu. Na yeye macho yake yamefungwa, angejuaje? Nikafunga daftari bila kuandika kitu. Nikaenda mjini kununua chupa ya kuziba pengo la kipimo, pengo la daftari nikaliacha.

Siku ya kumi, baada ya kusoma saa tatu, nikapanda gari kwenda Musoma, nikachukua bodaboda mpaka Bweri. Nilimkuta sebuleni kwa binti yake, jicho moja limefunikwa na kitambaa cheupe, lingine limefumbwa, begi la nguo limeshafungwa miguuni pake. Alikuwa anasubiri kurudi nami.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nisomee."

Nikasoma. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nikaweka kidole kwenye mstari wa tano. Jikoni binti yake aliacha kuosha vyombo.

"Endelea."

"Hapa pako wazi, Mama."

Nikamweleza yote: kamba, mbuzi, chupa.

"Ilinyesha?"

"Ilinyesha, Mama! Ile mvua! Vyura walikuwa wanagonga milango wanaomba—"

"Nimeuliza mvua, sikuuliza vyura. Watu wanasema ngapi?"

"Mwenyekiti anasema hamsini."

"Alikuwa ndani ya chupa?"

"Hapana, Mama."

"Na wewe unasema ngapi?"

Nilikuwa na namba kumi tamu ulimini. "Sijui, Mama," nikasema. "Sikuiona."

Akageuza uso ukutani. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua nimemuua, kama mwenyekiti alivyosema. Binti akatoka jikoni na mikono ya povu. "Mama, usilie, daktari amekataza!"

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika kile kitambaa kisidondoke.

"Lete kalamu. Andika: imenyesha, kiasi hakijulikani, mbuzi."

Nikaandika.

"Mbuzi wa nani?"

"Wangu, Mama."

"Andika na hilo. Na jina lako lote, mpaka la babu."

Nikaandika. Akaomba daftari, akapitisha kidole polepole juu ya mstari ule, kana kwamba wino una kina.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nimekuharibia. Miaka yote hiyo bila pengo."

"Pengo sikuliogopa, mura," akasema. "Siku kumi hizi nilikuwa nakuogopa wewe."

Kisha akanyoosha mguu, akalisukuma lile begi chini ya kochi. Binti yake akalitazama begi, akanitazama mimi.

"Nimeambiwa kuna sato wa ziwani," Mama Kipimo akamwambia. "Nitakula leo, na kesho, na keshokutwa. Huyu mpe chai ya haraka, gari la mwisho halimsubiri, na kesho saa tatu ana kazi."